Mfuko wa Karatasi Kwenye Viti vya Ndugu

Nilimwomba mtoto wa dada yangu asifunge kikapu. Tatizo ndilo hilo, na sina namna ya kulipamba.

Kwa waliokosa wiki iliyopita: kiwanda cha vioo kilichonilisha tangu nilipoacha shule kilifungwa. Mke wangu Rochelle naye akanifungia mlango. Dada yangu Verlene akanipa chumba cha chini ya nyumba yake, kile chenye mashine ya kufulia, nikalala na nguo chafu za watu pembeni. Nikabaki na vitu viwili tu vya kunitoa kitandani. Kimoja ni karakana ya matairi ya Stan Nowak, tunakokaa kubishana. Cha pili ni timu yetu ya kikapu ya hapa Toledo, Wapuliza Kioo, ambayo ndiyo tunayoibishania.

Timu ni mbovu. Mara ya mwisho kufanya cha maana nilikuwa mabegani kwa marehemu baba, naiangalia huku nimeshika masikio yake.

Sasa, katika ligi yetu kufungwa kuna faida. Timu za mkiani zinaingia kwenye bahati nasibu, na itakayobahatika ndiyo ya kwanza kuchagua kijana kutoka vyuoni. Kijana mmoja tu anaweza kugeuza timu nzima. Kwa hiyo mwezi wa nne ukifika, shabiki wa timu mbovu anaomba Mungu timu yake ifungwe. Anavaa kichwani mfuko wa karatasi wa dukani, katoboa matundu mawili ya macho, na mpinzani akifunga anapiga makofi.

Ukiona huo ni wazimu, shukuru. Wewe hujawahi kuwa shabiki wa Wapuliza Kioo.

Siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa karakana, tukibishana tumchague kijana gani. Nje mvua ya baridi. Nowak kakaa juu ya rundo la matairi kama chifu. Alvin Crume, mgawa barua mstaafu, kashika kahawa yake.

"Boone," Crume alisema. "Hakuna mjadala. Boone wa Nebraska. Futi saba na bado anakua! Huyo ukimweka chini ya kikapu, unafunga duka unaenda kulala."

"Anakua kwenda wapi?" Nowak alimkata. "Magoti yale yameshaanza kulia. Juzi kapanda ngazi mbili, akaomba maji."

"Nani kakuambia?"

"Nimemwona kwenye simu."

"Simu hiyohiyo uliyomwona yule Mlithuania wako? Anafunga kwenye ukumbi mtupu, Stan! Hakuna anayemkaba. Hata mama yangu angefunga pale, na mama yangu yuko makaburini."

Nilicheka mpaka nikashika jeki nisianguke.

"Mabry je?" niliuliza. "Yule wa Memphis. Ana mikono myepesi."

"Mabry akishapewa mpira," Crume alisema, "wenzake wanne wanaweza kwenda kula, wakarudi, bado anadunda."

Nowak alipiga tairi kwa kiganja. "Nyie mnaongelea paa, nyumba haina msingi. Hii timu ni ya kubomoa. Uza nahodha. Uza kocha. Uza na yule mlinzi wa getini. Halafu anza upya na Mlithuania."

"Tumeanza upya mara ngapi, Stan?"

"Hatujawahi kumaliza kuanza. Hilo ndilo tatizo letu."

Hapo hakuna aliyecheka.

Hesabu za bahati nasibu mimi nilikuwa namwachia Nowak. Shule niliiacha mapema na sijawahi kujidai. Nowak alituambia hivi: tumelingana mkiani na timu nyingine. Kesho tukifungwa, tunabaki mkiani peke yetu. Mimi nikaelewa kwamba kesho tukifungwa, Boone ni wetu, au karibu na wetu. Hakuna aliyeniambia vingine, na mimi sikuuliza.

"Na kesho mambo mepesi," Crume alisema. "Wakubwa wote wameugua ghafla. Nahodha mgongo, yule mrefu tumbo, sijui nani ukucha. Uongozi umepandisha vijana wa ligi ndogo waje wafungwe. Si yumo na wa dada yako, Delbert? Kijiti?"

"Yumo."

"Anajua kufunga yule."

"Ndiyo shida yenyewe," Nowak alisema, akanitazama. Kisha akanyoosha mkono chini ya meza, akanipa mfuko wa karatasi, mpya. "Najua kesho utakaa na Verlene chini, kwenye viti vya ndugu wa wachezaji. Sawa. Ila chukua huu, usije ukasahau kwenu ni wapi."

Nikaukunja, nikautia ndani ya koti.

Kijiti ni Dorian. Jina la Kijiti nilimpa mimi, akiwa na miaka sita, miguu kama ya korongo. Baba yake hakukaa. Mimi ndiye niliyepigilia ringi kwenye nguzo ya simu, uchochoroni nyuma ya nyumba ya Verlene. Upande wa kulia kulikuwa na mapipa ya taka. Upande wa kushoto tu ndio uliokuwa na sakafu ya saruji. Kwa hiyo mtoto akajifunza kutupa kutoka kona ya kushoto, mpaka giza, mpaka mama yake atoke na mwiko.

Ameshacheza Poland. Ameshacheza Saiprasi. Amecheza ligi ndogo, kwenye kumbi za shule, mashabiki wanahesabika. Ana miaka ishirini na sita. Kwa mpira huu hiyo ni jioni.

Usiku ule alikuja kula kwa mama yake. Verlene alikaanga kambare, akaweka makaroni ya jibini na kolade, mboga ya majani kama sukuma wiki. Dorian hakula sana. Akaniita barazani.

"Mjomba, kesho naanza."

"Hongera."

"Kocha msaidizi kanivuta pembeni. Kasema nikicheza vizuri kesho, wananiita kwenye kambi ya kiangazi. Kambi, mjomba! Nikishaingia kambini, kutoka ni mimi nitake."

Niliangalia mvua. Ningesema hongera mara ya pili, hadithi hii isingekuwepo.

"Unajua kwa nini wakubwa wote wanaumwa?" nilimwambia.

"Najua."

"Uongozi hautaki kushinda. Nyie mmeletwa mfungwe."

"Wao wamenileta kwa mambo yao. Mimi nimekuja kucheza."

"Cheza. Nani kakuambia usicheze? Kimbia, kaba, toa jasho wakuone. Lakini ikifika mwisho, tukawa tunakaribiana..." Nikakwama. Kisha nikasema. "Asiwe wewe."

"Asiwe mimi nini?"

"Wa kutushindisha. Mpira ukikujia mwishoni, mpe mwingine. Tuna miaka mingapi tunasubiri, Kijiti? Tukimpata Boone..."

Alinitazama kama anasoma maandishi madogo. Halafu akacheka.

"Mjomba, wewe! Nusura nikuamini. Unatania."

"Natania," nilisema.

Sikuwa natania. Na nilivyokuwa sijui kuficha uso, nadhani alijua.

Kesho yake ukumbi ulijaa nusu. Huko juu kabisa ilikuwa mifuko tu, kama ghala la duka. Nilimtambua Nowak kwa tumbo. Sisi tulikuwa chini, karibu na benchi, Verlene kavaa gauni la kanisani. Anaendesha basi la shule, mikono yake ina nguvu, na dakika zote za mwanzo alikuwa ameushika mkono wangu.

"Kaka, mwangalie. Mwangalie alivyosimama."

Dorian alicheza, wasomaji. Sijui niwaambieje. Alifunga wa kwanza, akafunga wa pili. Akamnyang'anya mpira jitu lililomzidi kichwa, akakimbia nao peke yake. Hata wapinzani walianza kuulizana yule ni nani. Kocha msaidizi, yule yule, nilimwona anaandika.

Huko juu mifuko ikachukia.

"Mtoeni huyo!" Ilikuwa sauti ya Crume, naijua. "Nani kamleta huyo? Mpeni hata yeye tumbo la kuumwa!"

Watu wakacheka. Verlene akageuka nyuma, akasimama.

"Huyo ni mwanangu, mshenzi wewe! Vua karatasi nikuone!"

Crume hakuvua. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kufikia robo ya mwisho tulikuwa tumewakaribia. Hatukutakiwa kuwakaribia. Kocha mkuu alikuwa anasugua uso kama mtu anayeona gari lake linavutwa. Tukawa nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki chache, mpira wetu.

Nikaingiza mkono ndani ya koti.

Mpaka leo nikiulizwa, husema nilivaa mfuko nisione. Roho ilikuwa inanidunda, nisingeweza kuangalia. Ndivyo nisemavyo. Lakini matundu ya macho nilikuwa nimeshayatoboa asubuhi, jikoni kwa dada yangu, kwa mkasi wake.

Nikauvaa.

Kupitia matundu nikaona mpira unazunguka. Kulia, katikati, ukarudishwa. Wapinzani wakamfuata mtu mwingine wawili wawili. Na kwenye kona ya kushoto, pale pale, kama uchochoroni, alisimama Dorian peke yake. Ungeweza kupitisha lori kati yake na mkabaji.

Mpira ukamfikia.

Aliinua mikono. Nilimwona anainua. Halafu akatazama upande wetu. Verlene alikuwa anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele, "Tupa! Tupa, mwanangu!" Pembeni yake, kwenye viti vya ndugu, kulikuwa na mfuko wa karatasi umekaa wima.

Akashusha mikono.

Akampasia Gunderson, kijana mmoja mrefu mzito wa chini ya kikapu, aliyekuwa hata haangalii. Mpira ukamgonga kifuani, ukatoka nje. Kengele ikalia.

Ukumbi ukalipuka kwa furaha. Mifuko ilirushwa juu, watu wakakumbatiana. Tumefungwa! Mkiani peke yetu! Na kwenye ile skrini kubwa ya juu, mpiga picha akawa amepata kichekesho chake cha jioni: mzee kavaa mfuko katikati ya ndugu wa wachezaji. Watu wakaangua kicheko. Nilijiona mwenyewe, mkubwa kama nyumba, bila uso.

Verlene alitazama skrini. Akanigeukia. Akauvua mfuko kichwani kwangu taratibu, kwa vidole viwili, kama unavyomvua mtoto kofia akishalala.

Heri angenipiga.

Tulimsubiri Dorian mlango wa nyuma. Alitoka na begi begani, akambusu mama yake shavuni. Mimi akanipita, kisha akarudi hatua moja.

"Uliona vizuri kwenye hayo matundu, mjomba?"

Kocha aliulizwa kwenye televisheni. Akasema kijana ni mzuri, lakini mpira ulimfikia akaogopa, na ligi hii haimngoji mwoga. Ikarudiwa na kurudiwa, na picha yake anashusha mikono. Kambini hawakumwita. Timu nyingine hazikupiga simu. Poland nao wakasema wameshajaza nafasi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anapanga vifurushi kwenye ghala moja kando ya barabara kuu, kavaa kizibao cha njano.

Viatu vyake vya mpira nilivikuta kwenye pipa la taka la uchochoroni, chini ya ringi. Nilivitoa. Nikakosa pa kuviweka, nikavirudisha.

Verlene alichukua siku zake kuzungumza. Asubuhi moja nikapanda kutoka chini, nikakuta sanduku langu liko mlangoni, lile lile nililokuja nalo. Limefungwa vizuri. Kanipigia na mashati pasi.

"Kaka," alisema, "mimi nilikuwa nimekaa pale pale napunga mikono kama kinu cha upepo. Mwanangu hakuniona mimi. Hakumtazama kocha. Alikutazama wewe."

"Ulikuwa utani wa mashabiki tu, Verlene. Kila mtu alivaa."

"Wale wa juu walivaa. Wao hawakumfundisha kutupa."

"Yeye anasemaje?"

"Namuuliza kila siku kwa nini hukutupa. Ananiambia hajui." Akafungua mlango. "Na mimi sijui. Ila nikikuona hapa kwangu nashindwa kupumua. Nenda."

Niliondoka. Yale maneno ya barazani sikumwambia.

Nowak akanipa kochi la karakana, lile la wateja kungojea. Nanuka mpira wa tairi mpaka sasa. Lakini nilikuwa na jambo moja la kushikilia. Nilijiambia, subiri bahati nasibu. Tukimpata Boone, timu ikainuka, ukumbi ukajaa, siku moja hata Verlene ataona. Hata Dorian ataona kwamba kilikuwa na maana.

Jioni ya bahati nasibu tulivuta kochi mbele ya televisheni. Crume alikuja na mabawa ya kuku. Nowak alivaa tai, juu ya ovaroli.

Wanafungua bahasha kuanzia nyuma kwenda mbele. Kila nafasi inapotajwa na si sisi, unapumua. Wakataja ya nane. Wakataja ya saba. Ya sita.

"Bado hatujatajwa!" Crume alisema, kuku mdomoni. "Inanukia!"

Wakafungua ya tano.

Kilikuwa kibomba cha kupulizia kioo. Nembo yetu.

Crume akamshusha kuku kwenye karatasi. Chaguo la kwanza, yaani Boone, likaenda kwa timu ya pwani iliyomaliza juu yetu kwa mbali.

Kisha mtangazaji, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, akasema ni bahati mbaya kwa Toledo, ingawa kama kawaida timu zote tatu za mwisho zilikuwa na nafasi sawasawa ya kupata chaguo la kwanza.

"Kasemaje?" niliuliza.

"Sawasawa," Nowak alisema. "Tatu za mwisho. Ndiyo sheria."

"Tangu lini?"

"Zamani. Si kila mtu anajua?"

"Kwa hiyo siku ile hata tungeshinda..."

Nowak alilegeza tai. "Tungeshinda tungekuwa wa pili kutoka mkiani. Nafasi ya kumpata Boone ileile."

"Ulijua?"

"Delbert..."

"Ulijua, ukanipa mfuko?"

"Mfuko ni mfuko tu, bwana! Mwezi wa nne timu mbovu haishangilii kushinda, ni nuksi. Tumekuwa tukivaa miaka yote. Nani kakwambia uuvae na kule?"

Crume alikuwa anaangalia sakafu. Yeye pia alijua. Wote walijua. Mimi tu ndiye niliyedhani kuna kitu tunanunua.

Simu ikalia. Nilitaka kuikata, nikaona jina. Kijiti. Hakuwa amenipigia tangu siku ile.

"Mjomba." Nyuma yake mashine za ghala zilikuwa zinanguruma. "Wameshatoa?"

"Wameshatoa."

"Tumepata ya ngapi?"

"Ya tano."

Mashine zikanguruma. Mtu akaita jina la mtu.

"Ya tano," alisema, polepole, kama anayesoma namba ya mlango wa nyumba asiyoijua. "Haya."

"Dorian, nisikilize..."

"Hapana. Sikiliza wewe. Mama anakuja kunichukua kazini kila siku, na kila siku ndani ya gari ananiuliza. Nimechoka kumwambia sijui. Hajui ulichoniambia barazani. Leo nataka ajue. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Mwanangu, nipe siku mbili."

"Gari lake hilo linaingia getini. Naweka simu kwenye sauti ya nje." Nikasikia mlango wa gari unafunguka, redio ya gari, na dada yangu anauliza, "Unaongea na nani, baba?"

"Sema, mjomba," Dorian alisema. "Anakusikia."

Sikusema. Nilikuwa nahesabu. Kijana mmoja, aliyekuwa anafunga kutoka kona ya kushoto tangu ana miaka sita. Dada mmoja, aliyebaki kati yetu wa tumbo moja. Chumba chenye mashine ya kufulia, kiti mezani siku ya Jumapili, sahani ya kambare. Vyote hivyo nimevitoa, nikapewa nafasi ya tano, na Nowak anasema tumchukue Mlithuania.